Baba Mkwe Hakohoi

Mimi kazi yangu ni mdomo. Sina koti jeupe, na sindano sijawahi kuishika. Shirika moja lilinichukua kule kambi ya wakimbizi ya Nakivale kwa sababu nina Kiswahili cha kwetu Uvira, Kifaransa cha shule, Kiingereza cha kuombea kazi na Kinyankole cha sokoni, likaniweka katika hospitali moja kubwa mjini Mbarara nisimame kati ya madaktari na wakimbizi wenzangu. Daktari anasema, mimi nasema. Mgonjwa anasema, mimi nasema. Mtu akitukana, natafsiri na tusi lake, silipunguzi hata herufi. Jina langu Gisèle, lakini wodini wananiita Mama Mdomo, nami naitika.

Kwa hiyo yule mzee alinikera tangu siku ya kwanza.

Aliitwa Semahoro. Aliletwa mwaka 2009, msimu wa mvua, kwa gari la wagonjwa kutoka zahanati ya Base Camp, kulekule Nakivale. Gari lilipasuka tairi hapo Kabingo, wakakaa kando ya barabara nusu ya siku, na alipofika kwetu alikuwa anahemea mabegani. Daktari Joanita alimtazama kutoka mlangoni tu, akasema, "Nimonia." Mzee alikuja na mtu mmoja, Orpa, mke wa mwanawe. Sisi Wakongo mtu wa namna hiyo tunamwita gardemalade: ndiye anayempikia mgonjwa, anayemfulia, anayemgeuza kitandani, anayebeba vikopo vyake kupeleka maabara. Mgonjwa asiye naye ni yatima hata kama ana ndugu mia.

Nikaanza kazi. "Papa, unaumwa fasi gani?"

Mzee akautazama ukuta. "Umwambie muke wa mwana wangu akuambie."

Orpa alikuwa amesimama karibu kabisa, lakini kageukia dirishani. "Umwambie Papa nimesikia," akaniambia. "Anaumwa hapa mu mbavu, na homa inamupanda mangaribi."

Nikatazama huku, nikatazama kule. Sote watatu tulikuwa tunasema lugha moja! Nilikuwa natafsiri Kiswahili kwa Kiswahili. Haki ya Mungu, nilijiona mjinga mbele ya wagonjwa wote.

Baadaye Orpa alinieleza. Wao ni watu wa milimani, juu kule, na wana heshima zao. Sisi wa ziwani tunakula na wakwe zetu, tunagombana nao, na mambo yanakwenda. Wao hapana. Baba mkwe hamwoni mkamwana wake akitafuna, wala mkamwana hamwoni baba mkwe akimeza. Hawaitani majina. Hawatazamani usoni. Mwanaume hapigi kite mbele ya mke wa mwanawe, hatemi, hapengi, hata akiwa anakufa.

"Sasa hiyo si haya tu?" nikamwuliza.

"Si haya, ni heshima. Mutu akishaona uchafu wako, kesho atakuheshimia wapi?"

Basi akafunga kitenge kwa kamba, kutoka nondo ya dirisha mpaka mguu wa dripu, akatandika mkeka nyuma yake. Sahani ilipita chini ya kitenge, kikombe kilipita chini ya kitenge, na maneno yalipita kwangu. Nisipokuwepo, hawakusemezana.

Kati yao alitakiwa awepo Joël, mume wa Orpa, mwana pekee wa mzee. Joël alikufa njiani walipokuwa wanakimbia, kabla ya mpaka, wakamzika wao wawili kando ya shamba la mihogo la watu wasiowajua. Hawakuwa wamepata mtoto. Mambo haya Orpa aliniambia bombani, anafua shuka, wala hakuacha kufua.

"Kule kambini hakuna mutu mwengine mwenye alimujua Joël," akasema. "Huyu muzee akikufa, nani atajua kama nilikuwaka na bwana? Nitasema, na batu batasema: hiyo ni hadisi yake."

Nikamsaidia kukamua shuka.

Homa haikushuka. Daktari Joanita alinieleza kwa utaratibu ili nami nieleze. Homa ya mapafu, alisema, ni nyumba iliyovunjwa, lakini wezi ni wengi, na kila mwizi ana mbwa wake anayemwogopa. Wagonjwa wengi wanaotoka vijijini wameingiliwa na mwizi yule yule, naye anakimbia penisilini, ndiyo maana wanaanza na hiyo. Mgonjwa asipopata nafuu, lazima mwizi aonekane uso. Na uso wake uko ndani ya makohozi, yale mazito yanayotoka chini kifuani. Mate ya mdomoni hayana habari.

Nikampa Orpa kikopo, yeye akakipitisha chini ya kitenge. Kikarudi na kitu ndani. Akakibeba mikono miwili mpaka maabara, kama anabeba mayai.

Jibu likaja: mate. Apewe kikopo kingine. Jibu likaja: mate. Safari ya pili Tumusiime wa maabara alipanda mwenyewe mpaka wodini, kikopo mkononi, uso umemvimba.

"Mama Mdomo, nyinyi watu ya Congo munanitesa! Mimi naomba kitu ya kifua, munaleta maji ya mdomo. Tazama! Hii iko safi, hata naweza kufulia shati."

"Shati lako lile haliwezi kutakata kwa kikopo kimoja," nikamwambia. Akaondoka anacheka, lakini tatizo akatuachia.

Kila asubuhi nesi aliuliza, "Kikohozi?" Mzee alitikisa kichwa: hakuna. Nesi akaandika hakuna. Joanita akiweka kipimo mgongoni anasikia mapafu yanachemka kama chungu cha maharage, akiangalia yaliyoandikwa anaona hakuna kikohozi. Mgonjwa wa nimonia asiyekohoa ni sawa na mlevi asiyenuka pombe. Mtu unaanza kujiuliza umeletewa nini. Akafikiri kifua kikuu. Akafikiri saratani. Mwisho akafikiri kwamba mwili umechoka kiasi kwamba hata nguvu ya kukohoa umekosa, akanivuta pembeni, akasema niulize kama familia ingependa kumrudisha nyumbani.

Hospitalini hilo neno "nyumbani" kila mtu analijua maana yake. Kazi ni kazi, nikalitafsiri.

Orpa akakaa chini palepale sakafuni. "Nyumbani fasi gani?" akauliza.

Kitanda cha pili alilala Sajini Bob, askari wa kambi ya jeshi pale Mbarara, aliyeanguka kwenye lori akavunjika paja. Wodi ya mifupa ilikuwa imejaa, ndiyo maana aliletwa kwetu, mguu wake umening'inizwa kwa kamba na mfuko wa mchanga. Vitanda vyetu vinagusana chuma kwa chuma. Mke wake Norah alikuwa mwanamke mnene, mchangamfu, anauza dagaa kambini kwao jeshini, na sauti yake haikujua wodi ni nini. Siku hiyohiyo ya "nyumbani" akanijia juu.

"Mama Mdomo! Wewe sema kwa hii mzee yenu aache! Huyu dada nikiona anatoka kwenda bomba, mzee naanza: kho! kho! kho! Kitanda yake nagonga kitanda yetu, mguu ya bwana yangu natikisika, sasa yeye nalia kama mtoto."

"Mimi sikulia," alisema sajini.

"Ulilia."

"Ngoja kwanza," nikasema. "Orpa akitoka?"

"Akitoka tu. Akirudi, kimya! Nafunga mdomo na blanketi."

Nikamgeukia mzee. Alikuwa amefumba macho, lakini kope zinacheza. Mwongo mkubwa yule. "Papa," nikasema, "unameza?"

Akafumbua macho. Kisha, kwa heshima zake zote, akasema: "Mukwe hakohoi mbele ya muke wa mutoto wake."

"Na kikopo je?"

"Kikopo, nani anakibeba?"

Hapo nikaona yote. Orpa ndiye aliyebeba kikopo. Mzee angewezaje kumpa mkamwana wake uchafu wa kifua chake aubebe mikononi, mchana kweupe, mbele ya watu? Kila mara alikuwa anasukutua kwanza kwa maji, anasafisha kinywa, halafu anatema kitu kisafi cha kumpa. Na yale makohozi yenyewe, yenye mwizi ndani, anayameza.

Damu ilinichemka. "Papa, mficha maradhi kifo humuumbua!"

"Kiniumbue," akasema. "Lakini si mbele yake."

Nilipomweleza Norah, alipiga makofi, akacheka mpaka akashika kitanda. "Banange! Hiyo kitu hata huku iko! Baganda nasema ukikosea mkwe, mikono natetemeka mpaka kufa." Halafu akafuta machozi, akamtazama kwa huruma Orpa aliyekuwa anaingia kutoka bombani, akasema kitu ambacho sisi sote na masomo yetu hatukukifikiria, maana hatukuwa na mguu unaotikiswa: "Kwani iko shida gani? Nyinyi lete mzee, chukua sajini."

Wakabadilishana wagonjwa. Orpa akaenda kumlisha Sajini Bob, ambaye si mkwe wake wala hakuwa na hatari ya kuwa, na sajini akafurahi kwa sababu Orpa alijua kupika maharage. Norah akapita upande wa pili wa kitenge, akapanda kitandani kwa goti, akamkalisha Mzee Semahoro, akaanza kumpiga mgongo kwa kiganja.

"Mzee! Mimi si mke ya mtoto yako. Mimi mke ya jeshi. Kohoa!"

Mzee alikohoa. Wodi nzima iligeuka. Kilichotoka kilikuwa kizito, chekundu cha kuiva, kama mchuzi wa nyanya uliolala. Norah alikipeleka mwenyewe maabara, na Tumusiime akakipokea kama kaletewa nyama ya Krismasi. "Eeeh! Sasa hii ndiyo kitu!"

Vijidudu hupandwa kama mbegu, halafu watu wanangoja viote. Tukangoja. Vilipoota Joanita alikuja na jina: Klebsiela. Nilidhani ananitajia binti wa Kibelgiji. Ni bakteria, akasema, inapenda vifua vya watu waliodhoofika, na penisilini kwake ni maji ya kunywa. Akambadilishia sindano, akaweka jentamisini. Homa ikaanza kushuka, polepole, kama mgeni anayeaga lakini hatoki.

"Ila dawa ni nusu," Joanita akanionya. "Nusu nyingine lazima itoke kwa mdomo. Kila asubuhi akalishwe, apigwe mgongo, ateme. Akikaa na makohozi kifuani, pumzi itaziba."

Norah akafanya kazi hiyo kila asubuhi kwa kelele zote za kambini, na nadhani mzee alianza kuipenda, ingawa ungemchoma moto asingekiri. Kisha gari la jeshi likaja kumhamisha sajini Kampala. Norah akamwachia Orpa sabuni na dagaa, akamkumbatia, akasema, "Sasa iko zamu yako, bambi, pole dada." Sajini aliaga wodi kwa saluti, amelala chali.

Tukabaki na manesi, ambao vitanda vyao ni vingi kuliko mikono, na mimi. Nilimpiga mgongo mara kadhaa, Orpa akiwa ametumwa bombani. Lakini watu wa Nakivale walikuwa wamesambaa katika kila wodi, na kila mmoja anataka mdomo.

Halafu ikaja asubuhi ya mvua. Mvua ile ya Mbarara inayopiga mabati mpaka watu wanazungumza kwa vidole. Gardemalade wote waliokuwa wanapika uani walikuwa wameikimbia mvua, wamejazana ndani na masufuria yao, na Orpa hakuwa na pa kwenda. Alikaa nyuma ya kitenge chake. Nilipoingia, viatu vinavuja, nilimwona mzee kakaa nusu, mkono umeziba mdomo, mishipa ya shingo imesimama. Midomo yake ilikuwa rangi ya majivu.

Alikuwa anakizuia. Kifua kinataka kutoa, yeye anakikatalia, kwa sababu mke wa mwanawe yuko hapo, nyuma ya kitambaa, anasikia.

"Nesi!" nikapiga kelele. Nesi alikuwa mwisho wa wodi na mgonjwa mwingine, na kwa mvua ile hakusikia. Nikampiga mzee mgongo, nikampiga tena. Meno ameyafunga kama komeo. Kikopo kilianguka, kikabingirika chini ya kitanda. Niliogopa, nasema kweli, niliogopa mpaka nikasikia chumvi mdomoni.

"Orpa, toka!" nikalia. "Toka nje akohoe! Toka!"

Nikamsikia akiinuka. Nikajua anakwenda mlangoni. Badala yake kitenge kilishuka chote na kamba yake, na Orpa akasimama mbele ya baba mkwe wake, uso kwa uso, macho ndani ya macho, kitu ambacho hakikuwahi kutokea tangu siku alipoletwa bibi arusi. Akaushika ule mkono, akauondoa mdomoni.

Nami mdomo wangu ulikuwa wazi, tayari kutafsiri. Hakuniangalia.

"Joël nilimuzika kwa hii mikono," akamwambia. "Udongo wake ulibaki mu makucha yangu. Weye sitakuzika juu ya heshima. Kohola, Papa."

Akaikusanya mikono yake miwili chini ya kidevu cha mzee, kama anayekinga maji ya bomba.

Mzee alimtazama. Nilimwona akikataa. Halafu kifua kikamshinda, akakohoa, yote yakatoka, mengi, mazito, yakamjaa Orpa viganjani na kumtiririka mpaka kwenye viwiko. Hakugeuza uso. Akasema, "Tena." Akakohoa tena. Nesi alipofika na oksijeni, ile rangi ya majivu ilikuwa tayari inaondoka.

Ungefikiri tuliimba. Wapi! Mzee aligeukia ukuta, akabaki hapo. Kesho yake pia, na keshokutwa. Hakula, hakunywa chai, hakuniambia nimwambie mtu kitu. Joanita alimpima, akatabasamu, akasema kifua kinafunguka na homa imekwisha, mzee atapona. Nikautafsiria mgongo wa mzee.

Orpa akakifunga kitenge tena, mafundo mawili mahali pa moja. "Nimemuua na haya, Gisèle," akaniambia bombani. "Kifua nimeponesha, mutu nimemuua."

Nilikasirika. Nilikasirika na mzee, na milima yao, na heshima zao, na yule binti anayeomba radhi kwa kuokoa mtu. Nilitaka kwenda kumtikisa yule mzee mpaka meno yalie. Sikwenda, kwa sababu ni mgonjwa, na kwa sababu mimi sikulipwa kutikisa watu.

Asubuhi moja jua lilitoka. Orpa alipika uji wa mtama, akaupitisha chini ya kitenge kama kawaida, akijua utarudi kama ulivyokwenda. Nilikuwa napita tu.

"Mama Mdomo," mzee akaniita. Sauti ilikuwa imeota kutu. Nikasogea.

"Umwambie muke wa mwana wangu..."

Aliukamata upindo wa kitenge kwa vidole vyake vilivyokonda, akakisogeza pembeni, mpaka kwenye nondo ya dirisha. Orpa alikuwa kwenye mkeka wake, macho chini.

"Orpa," akasema mzee.

Aliruka kama mtu aliyeguswa na moto. Jina lake halikuwahi kupita kwenye kinywa kile.

"Umekula?"

"Hapana," Orpa akasema, akiiambia sakafu. "Nilikuwa nangoja Papa akule kwanza."

Mzee akainua kikombe. Akanywa mbele yake, polepole, koo linapanda na kushuka, uji unamshika kwenye ndevu, wala hakugeuka. Alipofika nusu akamnyooshea. Orpa alikipokea. Kisha akainua uso, akanywa naye, baba mkwe wake akimtazama.

"Joël," mzee akasema, "alikuwaka anakunywa uji na makelele."

Orpa akashusha kikombe. Machozi yalikuwa yanamtoka na alikuwa anacheka.

"Njo vile, Papa," akasema. "Makelele mingi."

Wakaendelea. Mimi nikaenda wodi nyingine, kulikuwa na watu wananisubiri.